Kilo Moja na Ushei Kati ya Dar es Salaam na Wete

Msafiri wa Pemba huanza kupunguza mizigo kabla hajafika bandarini. Aijuaye njia hii hahitaji kuambiwa sababu: kuna ngazi za boti za kupanda na kushuka mara mbili, kuna usiku mmoja wa kulala Unguja, kuna daladala ya Mkoani iliyojaa abiria, makapu na magunia, na mwishoni kuna kichochoro cha Wete ambacho gari haliingii. Kitu kisichohitajika hujulikana mapema katika njia hiyo, maana bega ndilo linalokitaja.

Sisi, mume na mke wenye makazi Dar es Salaam, tumeipita njia hii karibu kila mwezi kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, tangu mzee wetu alipopatwa na kiharusi na mkono wake wa kulia ukalegea. Katika safari hizo tumejifunza thamani ya kompyuta mpakato ndogo, ya bei ya wastani, inayoingia mkobani pamoja na msahafu na kanga. Tunayasimulia haya kwa kuwa tunaamini familia nyingi miongoni mwa wasomaji wa gazeti hili zina mzee wao ng'ambo ya maji, au bara ya mbali, na zina kazi isiyoweza kuachwa.

Riziki yetu hutokana na maandishi. Mmoja wetu huwaandikia hesabu wafanyabiashara wa Kariakoo. Mwingine huhariri vitabu vya watoto wa madrasa. Kazi zote mbili hufanyika penye kompyuta, na kompyuta tuliyokuwa nayo mwanzoni ilikuwa ya mezani kwa tabia ingawa iliitwa mpakato. Kioo chake kilikuwa cha inchi 15.6, uzito wake kilo 2 na nusu, chaja yake kama tofali, na betri yake ilikwisha nguvu zamani, hata ikawa ukichomoa waya inazimika. Humo botini tulikuwa wageni wa soketi. Tulikaa sakafuni pembeni ya ukuta wenye umeme, ilhali viti vyetu tulivyovilipia vikikaliwa na mabegi.

Safari moja ya msimu wa kusi ilitutia adabu. Marejesho ya kodi ya ongezeko la thamani hupaswa kuwasilishwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi kupita, na mteja wetu mmoja alikuwa ametuamini kwa hilo. Tarehe 19 tulikuwa Wete, umeme ukakatika tangu Adhuhuri hadi usiku mwingi, na ile kompyuta ikabaki juu ya meza kama sahani tupu. Faini tuliilipa sisi, kwa kuwa kosa lilikuwa letu. Tangu siku hiyo tukawa tunakwenda Pemba kwa siku 4 tu, tunarudi mbiombio tukihofia kazi. Mzee alipotuuliza, "Mbona mnakuja kama watu wa posta?" hatukuwa na jibu la kumpa.

Huko ndiko shida yetu ilikokuwa. Hatukuhitaji kompyuta kwa ajili ya fahari, wala mwendo wa kasi. Tulihitaji siku zaidi pembeni ya kitanda cha baba.

Tulipoanza kuulizia, duka la kwanza lilituonesha kompyuta mpya, nyembamba kama daftari, yenye kilo moja kamili. Bei yake ilikuwa shilingi 2,800,000. Muuzaji, alipoona tunatazamana, alitoa fomu: tutangulize kidogo, kilichosalia tulipe kwa miezi 12. Tulipojumlisha malipo ya kila mwezi, tukaona yanazidi ile bei kwa laki kadhaa, na ziada yenyewe ikiitwa riba waziwazi, bila hata jina la kuisitiri. Tukamshukuru, tukatoka. Hatusemi haya kwa kujisifu, kwa maana tulitoka kwa unyonge. Lakini haikutuingia akilini kwamba safari ya kumhudumia mzazi, ambayo twaitarajia thawabu zake, ianze kwa mkataba wa namna hiyo.

Kijana wa jirani yetu, ambaye ni fundi, ndiye aliyetufungua macho. Alitueleza kwamba makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta za wafanyakazi wao kila baada ya miaka michache, si kwa kuwa zimeharibika bali kwa kuwa muda wa mkataba umekwisha. Kompyuta hizo huuzwa kwa jumla, nyingi zikapitia Dubai, kisha zikafika Kariakoo. Zilitengenezwa kwa watu wa safari tangu mwanzo: bawaba zake ngumu, kibodi zake huvumilia tone la maji, na vipuri vyake hupatikana. "Msinunue sura," akasema, "nunueni mifupa."

Akatupa vigezo, nasi tukaviandika. Kioo kisizidi inchi 13, kwani zaidi ya hapo mkoba hubadilika. Diski iwe ya aina ya SSD, ambayo haina kisahani kinachozunguka ndani, kwa hiyo mtikisiko wa boti na wa daladala hauidhuru kama diski za zamani. RAM isipungue gigabaiti 8. Tena tuulize kama imegandishwa kwenye ubao, kwa sababu iliyogandishwa haiongezwi baadaye, utakachonunua ndicho utakachozeeka nacho. Iwe na tundu la USB-C linalopokea chaji, ili chaja moja ndogo ihudumie kompyuta na simu. Na prosesa iwe ya kizazi cha 8 cha Intel au cha juu zaidi, kwa kuwa Windows 11 haizitambui rasmi nyingi zilizotangulia kizazi hicho, na kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa asiyeyajali hayo, akaongeza, ipo Linux, haina gharama, na huipa uhai mashine ya zamani. Lakini sisi wa hesabu tulifungwa na programu za wateja wetu.

Tuliipata ThinkPad X280, kioo cha inchi 12.5, uzito wa kilo moja na ushei, kwa shilingi 650,000 taslimu. Fedha hizo zilitokana na mchezo wa miezi 5 tuliocheza na majirani, kila mmoja akipokea kwa zamu bila ya nyongeza wala punguzo.

Siku ya kununua tuliipima kwa namna iliyotufurahisha. Tuliomba iwashwe bila chaja, kioo kikiwa na mwanga wa kati. Betri ikasoma asilimia 100. Adhana ya Adhuhuri ikalia. Tukamwacha nayo fundi wetu mlangoni pa duka, nasi tukaenda kuswali Msikiti wa Mtoro. Tuliporudi, baada ya saa moja kasoro kidogo, ilikuwa imeshuka hadi asilimia 85, na fundi naye akaenda kuswali. Tukabonyeza kila kitufe cha kibodi, kimoja kimoja. Tukafungua na kufunga bawaba. Tukatazama kamera, tukasikiliza spika. Tukaizima na kuiwasha tena ili tuone kama haijafungwa kwa neno la siri la kampuni iliyoimiliki kwanza, maana kufuli hiyo aghalabu haifunguliwi na fundi wa mtaani.

Usiku tulipofika nyumbani tuligundua jambo ambalo hatukulitarajia. Muuzaji alikuwa hakuisafisha vizuri. Ndani ya folda moja zilibaki picha za familia ya mbali: mtoto akipuliza mishumaa, bibi kizee kitandani, na barua katika lugha tusiyoijua. Tulizifunga baada ya kuziona mbili tatu, tukiona haya kama waliochungulia dirisha la watu. Tulipompigia muuzaji, alituambia, "Futeni tu, hao hamtawajua." Ni kweli, hatutawajua. Lakini siri ya mtu haiwi halali kwa sababu mwenyewe yuko mbali. Tulimwomba kijana wetu aifute diski yote, si kwa kuburuta faili pipani tu bali kwa kuisafisha tangu mwanzo, kisha akaifunga kwa usimbaji, hata aiibaye asiweze kusoma kilichomo bila neno la siri. Hatukujua wakati huo kwamba, baada ya wiki 3, tungekuwa tumebeba humo siri za baba yetu wenyewe.

Safari ya kwanza na kompyuta hiyo tuliiondoa Dar es Salaam asubuhi. Boti ya kasi huchukua kama saa 2 hadi Unguja. Tulikaa kwenye viti vyetu kama watu wengine, mkoba miguuni, na kwa mara ya kwanza mmoja wetu aliandika hesabu huku mwingine akilala. Usiku tulilala kwa jamaa zetu Unguja, na siku ya pili tukashika boti ya Pemba. Mkondo wa Nungwi ulipoanza kuipandisha boti na kuishusha, tulifunga kompyuta. Hapo ni mahali pa dua. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama katika bahari hiyo ikielekea Pemba, na hakuna Mpemba apitaye hapo asiyekuwa na jina la kuliombea rehema.

Bahari ina uadui wake na vyombo vya umeme, nasi tulijifunza taratibu zake. Kompyuta haifunguliwi juu sitahani, maana upepo una chumvi. Hukaa ndani ya mfuko wa nailoni wenye zile pakiti ndogo za kukausha unyevu zinazopatikana katika maboksi ya viatu. Tulibeba pia pawabanki ya mAh 20,000, ambayo ni kama Wh 74 kwa hesabu ya betri, ya aina inayoweza kutoa wati 45, kwa kuwa zile za simu pekee huifanya kompyuta ipapase bila kujaa. Betri ya kompyuta ilipokuwa mpya ilikuwa ya Wh 48. Ya kwetu, kwa umri wake, hutupa kama saa 5 za kuandika, na pawabanki huturudishia karibu kiasi hicho tena. Tulipolazimika siku moja kupanda ndege ndogo ya kwenda Chake Chake, kwa taarifa kwamba hali ya mzee imebadilika, tuliona faida nyingine: ndege hizo huhesabu kila kilo, na pawabanki isiyozidi Wh 100 huruhusiwa, mradi ikae mkononi mwa abiria na si katika mizigo ya chini.

Kutoka Mkoani barabara hupanda na kushuka vilima vya kijani hadi Chake Chake, kisha Wete. Ulikuwa msimu wa karafuu. Majamvi yametandikwa mbele ya nyumba na pembezoni mwa barabara, karafuu zikianikwa, na harufu yake ikaingia daladalani ikawanyamazisha hata waliokuwa wakibishana nauli. Umeme wa kisiwa hiki huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Kabla ya hapo Pemba ilitegemea majenereta. Wazee wanaukumbuka wakati huo, kwa hiyo umeme ukikatika leo hawahamaki. Huwasha taa ya kibatari, wakaendelea na mazungumzo.

Mzee wetu alitupokea kwa maneno yaliyotushtua. "Safari hii msiniletee matunda. Nileteeni kalamu. Mkono wangu hauandiki, na nina mambo hayajaandikwa."

Alikuwa na daftari tatu za tangu ujana wake, zimeliwa na mchwa pembezoni. Humo mlikuwa na majina ya watu, idadi ya mikarafuu, pishi za karafuu alizokopa na alizokopesha, na amana alizowekewa. Alikuwa mwalimu wa madrasa maisha yake yote; aliwasomesha watoto mara ngapi tusizozijua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Na alijua mafundisho ya Mtume (s.a.w.) ya kutolala bila wasia ulioandikwa kwa mwenye jambo la kuusia. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba alikuwa amewafundisha wengine alilokuwa hajalikamilisha mwenyewe.

Tukaiweka kompyuta juu ya kigoda kando ya kitanda, tukaanza. "Andikeni kama nisemavyo," akasema, "msinitengenezee maneno."

Siku ya pili kaka yetu mkubwa aliingia chumbani. Yeye ndiye akaaye na mzee. Humwogesha, humlisha, humgeuza ubavu usiku. Alisimama mlangoni akatazama kioo kinachong'aa, akasikia sisi tukiuliza, "Na shamba la Mtambwe, mikarafuu mingapi?" Uso wake ukabadilika.

"Baba yu hai," akasema, "na nyinyi mshaanza kuhesabu mikarafuu?"

Tulijaribu kueleza. Hakutaka maelezo. "Nyinyi mnakuja siku nne na kompyuta yenu. Mimi niko hapa siku ishirini na sita. Leo mmeleta mashine ya kuandika mali, kesho mtaleta karatasi ya kutia sahihi. Kilichomo humo nani anakijua ila nyinyi?"

Ndugu wasomaji, maneno yale yaliuma kwa sababu yalikuwa na haki ndani yake. Kioo cha inchi 12.5 huonwa na watu wawili waliokaa bega kwa bega. Tulikuwa tumekaa sisi wawili bega kwa bega, migongo yetu ikiuelekea mlango, tukiandika mambo ya nyumba nzima. Hatukuwa na nia mbaya, lakini nia haionekani mgongoni. Tukakumbuka zile picha za familia ya mbali, na jinsi tulivyoona haya kuchungulia. Sasa kaka yetu alikuwa amefanywa mchunguliaji katika nyumba yake mwenyewe.

Mzee hakukemea. Alisema kwa sauti yake ya baada ya maradhi, "Mpeni asome yeye."

Tukaikuza hati mpaka herufi zikawa kubwa, tukaiweka kompyuta mapajani mwa kaka. Ni nyepesi, haikumsumbua. Akaanza kusoma kwa sauti, mstari baada ya mstari, kwanza kwa hasira, kisha kwa makini. Alipofika shamba la Mtambwe akasita. "Sabini na mbili? Ni ishirini na saba. Mimi ndiye niliyekwea yote." Tulikuwa tumegeuza tarakimu. Mzee akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, na kaka akacheka pia. Kosa lile dogo lilifanya ambalo maelezo yetu hayakuweza. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyesoma na kusahihisha, mzee akaamua, nasi tukawa waandishi tu, na dada zetu wawili wakaitwa wakae wasikilize.

Kazi ilichukua siku 9. Tuliyatenga mambo kama shekhe wa mtaa alivyotuelekeza. Mafungu ya warithi hatukuyagusa, maana yameshagawanywa na Allah katika Suratun Nisaa, wala wasia haumwongezei mrithi fungu. Tuliandika madeni, amana, na wasia usiozidi theluthi, ambao mzee alitaka uende kwenye mikeka ya msikiti aliosomeshea. Mikarafuu iliandikwa peke yake na ardhi peke yake, kwa kuwa Pemba mti huweza kuwa wa mtu na udongo ukawa wa mwingine. Shamba la eka tatu alilopewa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 likaandikwa mbali, kwa sababu lina masharti yake. Nakala tulizitoa katika steshenari ya Wete, mashahidi wawili wasiokuwa warithi wakatia saini mbele ya mzee, naye akaweka dole gumba. Nakala moja ilikaa kwa kaka, moja kwa shekhe, na faili lenyewe tukalihifadhi pia katika fleshi iliyofungwa kwa neno la siri, ambayo husafiri katika mkoba tofauti na kompyuta. Karatasi ndiyo iliyotiwa saini. Mashine ilikuwa kalamu tu, na tusingependa msomaji adhani kinyume.

Lakini je, siku 9? Sisi tuliokuwa tukija kwa 4? Hili ndilo tulilotaka kulifikia. Umeme ulikatika mara 3 katika muda huo, na hesabu za wateja wetu zikafika kabla ya tarehe 20. Asubuhi baada ya Alfajiri tulifanya kazi za Dar es Salaam ukumbini, mchana tukawa na mzee, usiku wajukuu walioko Dar wakamwona babu yao kwenye kile kioo kidogo na kumsomea sura walizohifadhi. Na kaka yetu, kwa mara ya kwanza tangu maradhi yaanze, alilala usiku kucha siku 7 mfululizo, kwa kuwa tuligawana zamu. Siku ya kuondoka alitusindikiza hadi kituoni. Hakusema lolote kuhusu kompyuta. Alisema, "Mwezi ujao njooni tena kwa namna hii." Tangu hapo twakaa siku 10 hadi 12 kila tukienda.

Lilibaki deni moja. Katika daftari ya pili mzee alikuwa ameandika gunia mbili za karafuu kavu alizokopeshwa na rafiki yake wa madrasa kabla ya harusi ya dada yetu mkubwa. Rafiki huyo alihamia Muscat, akafia huko. Hakuna mtoto yeyote miongoni mwetu aliyelijua deni hilo. Lau daftari zingeliwa na mchwa msimu mmoja zaidi, mzee angelikwenda nalo. Tulimwuliza shekhe, akatuambia kilichokopwa kwa kipimo hurudishwa kwa kipimo kile kile, ila warithi wakiridhia thamani. Mzee alitupa jina la mtoto wa marehemu, na jamaa wa Chake Chake wakatupatia namba yake.

Barua tuliiandika tukiwa botini tunarudi, baada ya kuuvuka mkondo wa Nungwi na bahari kutulia. Tulieleza kila kitu: mwaka, gunia mbili, harusi, ugonjwa. Tukaambatisha picha ya ukurasa wa daftari. Boti ilipokaribia Malindi, simu ikapata mtandao, nasi tukaituma kupitia simu hadi Muscat kabla ya kamba hazijafungwa gatini.

Jibu lilikuja baada ya siku 2. Warithi walikutana, wakaridhia tulipe thamani ya gunia mbili kwa bei ambayo Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar hununulia karafuu msimu huu, na fedha hizo zitiwe katika tangi la maji la madrasa ambayo baba zetu wawili walisoma pamoja. Waliomba kitu kimoja tu: picha iliyo wazi zaidi ya ule ukurasa, kwa sababu mwandiko wa pembeni, uliothibitisha deni, ulikuwa wa baba yao, na wao hawakubakiwa na mwandiko wake wowote.

Safari iliyofuata tuliipiga picha upya kwenye mwanga wa dirisha, tukaituma. Mzee alipoambiwa kwamba deni limelipwa na warithi wameridhia, alifumba macho kwa muda, akasema, "Alhamdulillah. Sasa nileteeni matunda."

Kompyuta hiyo ina mkwaruzo mmoja kifuniko na herufi A imeanza kufutika. Siku tukiiuza tutaifuta kwanza, kwa namna tuliyofundishwa. Kwa sasa iko mkobani, na tiketi ya Alhamisi imeshakatwa. Tunamwomba Allah atupe sote wepesi wa kuwaunga jamaa zetu, na wazee wetu awaondoe duniani bila deni la mtu shingoni mwao. Amin.